Mama tulimpa supu, nyama tukala sisi

Mpenzi msomaji, Jumapili hii kabla hujaketi mezani, hebu nikuulize swali moja. Kama nyumbani kwako mna mzee, awe mama, baba, nyanya au babu, mara ya mwisho mlipopika nyama yeye alipewa nini? Usinijibu upesi. Fikiri kwanza juu ya bakuli lake, kisha ufikiri juu ya sahani yako.

Mimi nilipoulizwa swali hilo nilijibu kwa fahari kwamba mama yangu hupewa supu. Sikujua kuwa jibu hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Nakusimulia yaliyonipata, si kwa sababu yananipamba, bali kwa sababu naamini tuko wengi, na kosa lenyewe tunalifanya kwa mapenzi.

Mama yangu ana miaka 76. Kwao ni Vanga, kule mwisho kabisa wa pwani ya kusini, ambako ukiendelea na safari kidogo tu wajikuta Tanzania. Baba alipofariki na mama akamaliza eda, mimi na ndugu zangu tulishauriana tukaona si vyema akae peke yake. Basi akaja kwangu Nairobi, kwenye nyumba yetu ya kupanga karibu na Barabara ya Ngong, orofa ya tatu. Alikuja na mkeka wake, mbuzi yake ya kukunia nazi, dawa zake za shinikizo la damu, na meno ya bandia ambayo hayakumkaa sawa.

Meno hayo ndiyo yaliyoanzisha mambo. Siku za mwanzo alikula pamoja nasi mezani. Baadaye nikaona anageuza kipande cha nyama mdomoni muda mrefu, kisha anakitoa kwa siri na kukificha chini ya wali. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, sitafuni tena." Meno akayavua akayatia kwenye kikombe juu ya kabati, na humo yakakaa.

Nami nikajiona nimeelewa. Mtu asiyetafuna apewe vitu laini, sivyo? Asubuhi nikawa nampa chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate, achovye. Saa nne uji. Mchana wali kidogo na kikombe cha supu, tena supu nzuri ya mifupa iliyochemka tangu alfajiri. Jioni chai nyingine na mkate, au uji tena. Nyama iliyotoka kwenye supu hiyo tuliila mimi, mume wangu na watoto wawili. Nilikuwa nikisema, na ninakumbuka maneno yangu, "Nguvu zote ziko kwenye supu, mama. Kunywa."

Miezi ikapita. Dera zake zikaanza kumpwaya. Bangili yake ya fedha, ambayo zamani ilihitaji sabuni kuivua, ikawa yateleza yenyewe akinawa mikono. Akiinuka kitini ilimbidi ashike meza kwa mikono miwili. Kushuka ngazi kwenda kuota jua akaacha. Tulipoulizwa na jamaa kwa simu hali yake, tulijibu, "Ni uzee tu, twamshukuru Mungu." Ni ajabu jinsi neno hilo uzee linavyotupumzisha. Ukishalitamka, huna tena haja ya kuuliza kitu.

Siku ya kwenda kliniki ya shinikizo la damu, mhudumu alimpima uzani akatazama kadi, akatazama tena mizani. Mwaka uliotangulia mama alikuwa na kilo 58. Siku hiyo alikuwa na kilo 49. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo kuliko mimi, naye hakuuliza habari za ugonjwa. Aliniambia nimtajie kila kitu mama alichokula jana, tangu alfajiri hadi kulala. Nikataja. Akawa anaandika kila kitu na mbele yake tarakimu.

Alipomaliza alinigeuzia karatasi. Akanieleza kwamba mwili wa mtu huanza kupoteza misuli polepole tangu umri wa miaka thelathini na kitu, na uzeeni upotevu huo huenda kasi. Kinachoweza kuupunguza ni kutembeza mwili na kula protini ya kutosha. Mtu mzima wa kawaida huhesabiwa takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Kwa wazee waliovuka miaka 65, wataalamu wengi siku hizi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2, isipokuwa kwa wenye maradhi ya figo ambao hupangiwa na daktari wao. Kwa mama yangu hiyo ilimaanisha gramu 50 hadi 60 kila siku. Chakula nilichomtajia hakikufika hata 25.

"Na supu?" nikauliza, nikijitetea. Yule binti akatabasamu. Supu ya mifupa ina ladha, ina chumvi, ina mafuta kidogo, na inampa mzee maji ambayo aghalabu hana kiu ya kuyanywa. Lakini protini ya nyama hubaki ndani ya nyama. Kikombe cha supu hakiwezi kushindana na kipande cha nyama kilichotoka humo. Kisha akaniuliza lile swali nililokuuliza wewe: nyama yenyewe ilikwenda wapi?

Msomaji, sikumjibu.

Tulirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kutengeneza mambo siku hiyo hiyo. Nikanunua nyama ya kusaga, nikaipika, nikaiponda na viazi, nikamletea mama na kijiko. Akaonja, akasukuma sahani. "Hiki chakula cha mtoto anayeota meno," akasema. Kesho yake mayai ya kuvuruga. Akala kidogo kwa heshima. Keshokutwa nikasaga kuku na mboga kwenye mashine hadi vikawa rojo la kijivu. Hilo hakulionja kabisa, na ukitaka ukweli, hata mimi nisingelionja. Mama amepika maisha yake yote. Ndiye aliyenifundisha kwamba chakula huliwa kwanza na macho na pua. Sasa nilikuwa nikimpelekea kitu kisicho na sura, eti kwa sababu karatasi ya kliniki imesema.

Hapo ndipo jirani yetu wa orofa ya kwanza alipoingia katika habari hii. Ni mama wa Kikorea, mume wake yuko Nairobi kwa kazi. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini "shikamoo" aliijua tangu wiki ya kwanza, na kila akikutana na mama ngazini alimwamkia kwa kuinamisha kichwa. Mama alimpenda kwa hilo. Jumamosi moja aliniona nikimshika mama mkono kushuka, vidato vitatu kisha kupumzika. Akaniuliza mama anakula nini. Nikamweleza yote, hata lile rojo la kijivu.

Akaniambia kwamba naye ana mama mzee, yuko Busan, mji wa bandari kama Mombasa yetu. Kwao kuna kitoweo cha nyama ya ng'ombe na mwani kiitwacho miyeok-guk. Mwanamke akijifungua hupewa hicho kwa wiki kadhaa ili apate nguvu. Kisha kila mwaka mtu anapoadhimisha siku yake ya kuzaliwa, hupikiwa bakuli la kitoweo hicho hicho, amkumbuke mama aliyemzaa. Wazee nao hukipenda kwa kuwa ni laini na hushuka kooni bila taabu. Wasiokitaka ni wanafunzi, tena siku ya mtihani tu. Mwani unateleza, nao huogopa kwamba anayeula asubuhi naye atateleza kwenye karatasi. (Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msiniletee kisingizio hicho. Anayefeli kwa mwani hajapata kuonekana.)

Nilipopanda kumweleza mama, alicheka hadi akakohoa. "Mwani? Huu wa pwani? Mwanangu, mimi nimeukanyaga mwani tangu sijaota meno ya ukubwa. Tukiutoa nyavuni tukiutupa. Leo nimezeeka, meno yamekwisha, tena niko Nairobi mbali na bahari, ndipo niule?"

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini jirani hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alhamisi yake akabisha hodi akiwa na mfuko. Kwanza aliniuliza nyama nimeinunua wapi, maana alikuwa ameuliza watu na kuambiwa kwamba sisi Waislamu hatuli kila nyama. Nikamwonyesha nusu kilo ya kifua niliyonunua kwenye bucha tunayoiamini. Akaridhika, akafunga kanga yangu kiunoni, akashika jiko.

Nyama ilikuwa imekwisha kuiva kabla hajaja, maana alikuwa ameniagiza niichemshe tangu asubuhi. Akaichambua kwa vidole nyuzi nyuzi. Akatia sufuriani mafuta ya ufuta, akaponda vitunguu saumu, akatumbukiza nyama ile na mwani uliokwisha kurowekwa, akaanza kukaanga kwa moto wa wastani. Harufu ikajaa nyumba nzima.

Nikasikia mkeka ukikwaruza sebuleni. Mara mama yuko mlangoni pa jikoni, ameshika fremu ya mlango. "Nani anakaangia mafuta ya uta?"

Kwa wasiojua, mafuta ya uta ni jina la wazee wa pwani la mafuta haya haya ya ufuta, ambayo wengi hapa Nairobi huyaita ya simsim. Nyanya yake mama alikuwa akipikia hayo, na hayo hayo akimpaka miguuni akiumwa. Mama alisema hajanusa harufu hiyo ikitoka jikoni tangu alipokuwa msichana. Akaomba kiti. Akakaa pale mlangoni akimwelekeza mtu wa Busan jinsi ya kukaanga, na mtu wa Busan akiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" na kuendelea kufanya alivyotaka.

Siku hiyo mama alikula pamoja nasi mezani. Alikula nusu bakuli na wali. Mwani aliupanga kandokando ya bakuli kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, lakini nyama aliimaliza yote, kila uzi. Halafu wakati namnawisha mikono, akasema kwa sauti ya kawaida, bila hasira yoyote, "Leo nami nimegawiwa."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mtu huuliza nyama kwa mwanawe? Ukiletewa supu, unakunywa supu."

Nimeandika makala mengi katika kazi hii, msomaji, lakini sijui kama nimewahi kusikia maneno yaliyonichoma kama hayo. Mama alidhani nyama imekuwa ghali, na kwamba tumeamua iliwe na watoto wanaokua. Akanyamaza ili asitutie aibu. Mimi nikachukulia ukimya wake kuwa kuridhika. Hivyo ndivyo mtu alivyopungua kilo tisa ndani ya nyumba ambamo kila wiki nyama ilipikwa mara mbili au tatu.

Sasa nikupe mapishi yenyewe, kama nilivyofundishwa na kama ninavyoyapika hadi leo. Yatosha watu wanne.

Tafuta nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kifua au ya muundi. Usinunue steki, kwanza ni ghali, pili hukauka. Nyama ya muundi ina mishipa ambayo ikichemka polepole huwa laini kama ulimi. Mwani mkavu gramu 20, ambao ukiutazama kiganjani utadhani ni majani ya chai. Vitunguu saumu punje nne. Mafuta ya ufuta vijiko viwili vya mezani. Sosi ya soya kijiko kimoja cha mezani, au chumvi kidogo badala yake. Maji lita mbili.

Chemsha nyama kwa moto mdogo katika maji hayo, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, mpaka ukiigusa kwa uma inaachana. Usiyamwage maji. Wakati huo roweka mwani katika maji baridi kwa dakika 20 au 30. Na hapa nikutahadharishe kwa yaliyonifika. Mara ya kwanza nilipopika peke yangu niliona mwani ule ni kidogo mno, nikaroweka pakiti nzima. Niliporudi nilikuta umefura, umejaa beseni, na mwingine umemwagikia kwenye sinki. Watoto walicheka wiki nzima. Kiasi kidogo hufura mara nyingi, basi amini kipimo.

Ukisha kulainika usuuze mara mbili tatu, uukamue, kisha uukate vipande vifupi visivyozidi upana wa kidole kimoja. Jambo hili la kukata si urembo. Mwani mrefu unateleza, na mzee anaweza kupaliwa nao. Toa nyama, ichambue kwa kufuata nyuzi zake, na nyuzi ndefu zikate pia. Kaanga vitunguu saumu, nyama na mwani katika mafuta ya ufuta kwa dakika tano kwa moto wa wastani, maana mafuta haya yakiungua huwa machungu. Rudisha yale maji ya nyama, tia sosi ya soya, uache vichemke pamoja nusu saa. Mpakulie mzee nyama kwanza, kisha mwani, kisha supu juu yake. Mpe na wali laini, na mkalishe wima anapokula, asile akiwa amelala.

Hesabu yake ni hii. Nusu kilo ya nyama mbichi ikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja hupata gramu 125, ambazo ndani yake mna protini kama gramu 25. Kwa bakuli moja tu mama alipata karibu sawa na kile nilichokuwa nikimpa kutwa nzima. Bilauri ya maziwa huongeza gramu 8 hivi, yai moja 6, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 15. Siku isiyo ya nyama hutumia hivyo.

Je, mwani nao una kazi gani? Una madini, hasa aidini, ile ambayo ikikosekana mtu huota rovu shingoni. Wazee wa sehemu za milimani watakumbuka rovu lilivyokuwa jambo la kawaida kabla chumvi ya Kenya haijaanza kutiwa aidini. Una kalisi na nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, jambo ambalo wazee wengi huteseka nalo kimyakimya. Lakini nisikudanganye kwamba ni dawa. Tena hapa kuna tahadhari tatu usizipuuze.

Ya kwanza, aidini ikizidi nayo hudhuru. Mtu mzima huhitaji kama mikrogramu 150 tu kwa siku, na aina fulani za mwani, hasa ile minene ya kuchemshia supu ambayo Wajapani huiita kombu, huweza kupitisha kiasi hicho mara nyingi kwa kipande kidogo. Mwani wa kitoweo hiki si mkali hivyo, hata hivyo sisi hupika mara moja kwa wiki. Mzee mwenye maradhi ya tezi la shingo asipewe kabla ya kumwuliza daktari. Ya pili, mwani una vitamini K na potasiamu. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, au mwenye figo dhaifu, naye aulize kwanza. Mama anameza dawa za shinikizo, kwa hiyo nilibeba pakiti hadi kliniki wakaisoma kabla sijaendelea. Ya tatu ni chumvi. Sosi ya soya ina chumvi nyingi, basi ukitia hiyo usitie chumvi tena.

Utauliza, mwani wenyewe utapatikana wapi? Hapa Nairobi huuzwa katika maduka ya Wakorea na Wachina, na baadhi ya maduka makubwa. Mama alipozoea, na alichukua wiki tano kabla ya kuumeza bila kununa, alianza kunikumbusha kwamba mwani uko hata kwetu. Ni kweli. Unguja wamelima mwani kwa biashara tangu mwaka 1989, na huku kwetu wanawake wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanaulima kwa kamba na vigingi maji yanapotoka. Mwingi huuzwa nje, ambako hutolewa utomvu unaotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Binamu yangu alituletea mfuko. Si aina moja na ule wa Korea. Ukichemshwa sana huyeyuka ukaufanya mchuzi mzito kama wa bamia. Ufilipino watu huuchovya tu katika maji moto wakaula kama kachumbari. Sisi tuliusuuza chumvi na mchanga, tukauroweka usiku kucha, tukautia sufuriani dakika chache za mwisho. Mama aliusifu kuliko ule wa pakiti, ingawa nashuku ni kwa sababu umetoka kwao. Usiokote tu mwani wowote ufukweni. Ununue kwa mkulima anayejua maji alikoupanda.

Na kama mwani hukuupata au mzee wako haupendi, usijali. Kazi yake kubwa katika bakuli hili ni kuteleza ili nyama ishuke. Mrenda unateleza. Bamia inateleza. Mchicha na majani ya kunde yakiiva vizuri hulainika. Jirani yetu mwingine, mtu wa Kakamega, aliposikia habari hizi alienda kumpikia baba yake nyama ya kuchambua kwa mrenda, naye mzee akaomba kuongezwa. Waweza kubadilisha mboga upendavyo. Nyama, au kuku, au samaki asiye na miiba, au maharagwe yaliyolainika, hapo usibadilishe kwa maji.

Mambo mengine mawili tuliyafanya sambamba, maana chakula peke yake hakijengi misuli. Tulimpeleka mama kwa daktari wa meno, yale meno ya kikombeni yakarekebishwa, kumbe kilichokuwa kikimzuia kutafuna kilikuwa kidonda kidogo kwenye ufizi. Na kila siku asubuhi na jioni anasimama na kuketi kitini mara kumi, mjukuu wake akimhesabia.

Baada ya miezi minne alikuwa na kilo 53. Magoti bado yanamwuma, na ngazi za orofa ya tatu bado hazipendi. Lakini sasa anashuka mwenyewe, mkono mmoja kwenye reli, hadi kwa rafiki yake wa orofa ya kwanza. Wamekuwa na mazoea ya kuketi pamoja wakichambua nyama. Mmoja anamfundisha mwenziwe kutamka miyeok-guk, na mwingine anamfundisha kukuna nazi, na sijui ni nani anayecheka zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu si mgeni kwangu, lakini alikaa miezi mingi kama mgeni kwa kuwa nilimwekea chakula chake kando na kumwondoa kwenye fungu letu. Alipopewa kiti jikoni na nafasi ya kunikosoa, ndipo alipokuwa mwenyeji.

Basi leo mkipakua, msimwulize mzee wenu kama ataka supu. Atasema ndiyo, hata kama anatamani kingine. Chukueni kipande chake, kilainisheni, kichambueni, mkiweke katika bakuli lake kabla ya bakuli la mtu mwingine. Kisha keti karibu naye, utazame kama amekimaliza.